Kiti cha Heshima

Msomaji, katika nyumba nyingi za kwetu pana kiti ambacho watoto hawakikalii. Mgeni wa heshima akifika hukaribishwa hapo, na pasipokuwa na mgeni, kiti hicho huwa cha mzee wa nyumba. Nyumbani kwangu Voi palikuwa na kiti cha namna hiyo. Nilikinunua kwa mshahara wangu wa ualimu, kikiwa na mito miwili na mikono mipana ya mbao, nikamkalisha nyanya yangu. Nataka kukueleza jinsi kiti kile kilivyokaribia kumnyang'anya miguu yake, na jinsi alivyoipata tena kwa taabu na subira. Nakueleza wewe uliye kijana kwa sababu katika habari hii aliyekosa alikuwa kijana, naye ndiye mimi.

Nyanya ndiye aliyenilea. Alikaa katika milima ya Taita, juu ya mji wa Wundanyi, mahali ambapo mtu hapati hatua ishirini za ardhi tambarare. Nyumba i juu, chemchemi i chini. Shamba la mahindi li ubavuni mwa kilima, shamba la nduma li bondeni kando ya kijito. Kila asubuhi alishuka kuteka maji, akapanda na ndoo kichwani. Kisha alitwaa jembe akaenda kwenye matuta yake. Adhuhuri alirudi na mzigo wa kuni mgongoni, na jioni, mvua isiponyesha, alivuka kilima kwenda kumjulia hali mdogo wake aliyeolewa ng'ambo ya bonde. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba hayo yalikuwa mazoezi ya viungo. Yeye aliyajua kuwa kazi tu. Lakini alipokuwa na umri wa miaka 76 alikuwa akinitangulia katika njia ya mlimani, mimi kijana niliyevaa viatu, na akifika juu alisimama akaningoja huku akicheka. "Fanya haraka, mume wangu," alikuwa akiniambia kwa ule utani wa nyanya na wajukuu. "Nikikutegemea wewe kuniletea kuni, nitakula chakula kibichi."

Nilipohitimu katika chuo cha ualimu nilipata kazi Voi, chini katika nchi ya joto na vumbi jekundu. Babu alipofariki dunia, Nyanya alibaki peke yake, nami nikaanza kusikia maneno ya watu. Walisema, "Tazameni, mjukuu wake ni mwalimu, ana mshahara, na ajuza yule angali analima." Maneno hayo yalinichoma. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nilipokwenda kumchukua nilisukumwa na mapenzi, lakini mapenzi yale yalichanganyika na haya. Nilitaka apumzike, na nilitaka watu waone kuwa anapumzika.

Basi akaja, akakaa katika kiti kile. Maji yalikuwa ya mfereji, karibu na mlango. Chakula kilipikwa na mke wangu, na nguo zilifuliwa na msichana aliyetusaidia kazi za nyumbani. Siku za kwanza Nyanya alikuwa akiamka alfajiri na kushika ufagio. Nilimpokonya. Alitaka kuchambua maharagwe akiwa amesimama jikoni. Nikamletea ungo pale kitini. Alitaka kwenda dukani kununua chumvi, nikamtuma mtoto. Kila mara neno langu lilikuwa moja: "Pumzika, Nyanya." Siku moja alinijibu, "Nimepumzika tangu jana na juzi, mume wangu. Leo nifanye nini?" Tulicheka sote, lakini leo nikilikumbuka jibu lile sicheki. Lilikuwa ombi, nami nikalisikia kama mzaha.

Udhaifu haukuja kwa kishindo. Ungekuja kwa kishindo ningeushtukia. Ulikuja kama kivuli cha jioni kinavyorefuka, mtu asione kinapotembea. Baada ya miezi michache niliona kwamba akitaka kuinuka alishika mikono yote miwili ya kiti na kujisukuma. Mwaka ulipokwisha alikuwa akijaribu mara mbili, mara tatu, ndipo ainuke. Kisha akaanza kungoja apite mtu ampe mkono. Usiku mmoja alikwenda msalani peke yake, akajikwaa kwenye kizingiti, akaanguka. Mungu alimnusuru, hakuvunjika mfupa. Lakini tangu usiku ule aliingiwa na hofu, nami nikaingiwa na hofu zaidi yake, nikatoa amri kwamba Nyanya asipige hatua bila ya mtu wa kumshika. Mwenye hofu ya kuanguka hutembea kidogo; atembeaye kidogo hudhoofika; aliyedhoofika huanguka upesi. Tulikuwa tumeingia katika mduara huo, nami ndiye niliyekuwa nikiuzungusha. Watu waliponiuliza habari zake nilijibu kwa utulivu wa mtu mwenye elimu, "Ni uzee tu."

Mwaka wa pili ulipokuwa ukielekea ukingoni, tulipata habari kwamba yule mdogo wake amefariki. Tulipanda gari hadi mwisho wa barabara. Kutoka pale hadi nyumbani kwa marehemu hapana njia ya gari wala ya pikipiki. Pana njia ya miguu inayopanda kati ya migomba na mawe, njia ile ile ambayo Nyanya alikuwa akiipita karibu kila jioni. Alishuka garini, akaitazama. Akapiga hatua kama kumi huku nimemshika kwapani, kisha magoti yakakataa. Vijana wanne wa kijiji wakaleta kiti, wakakifunga kwenye miti miwili, wakamweka juu yake na kumbeba mabegani. Alikuwa amejifunika uso kwa leso. Nilidhani analia kwa ajili ya msiba. Tulipofika uani, na kiti kiliposhushwa chini mbele ya waombolezaji, aliniambia kwa sauti ndogo, "Tangu azaliwe nilimwendea kwa miguu yangu. Leo ya mwisho nimeletwa kama gunia la mkaa."

Sikuwa na la kumjibu. Wala njiani tuliporudi sikuwa nalo.

Juma lililofuata nilimpeleka hospitali. Sikujua nilikwenda kutafuta nini; labda dawa ya uzee. Daktari alimpima moyo, akampima shinikizo la damu, akatazama mifupa, akasema kuwa hakuna ugonjwa mkubwa, akatuelekeza kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sura, mkali wa macho. Alimkalisha Nyanya katika kiti cha kawaida kisicho na mikono, akamwambia, "Mama, naomba uinuke." Nyanya akainama mbele, akajaribu. Mimi nikaruka mara moja nikamshika mkono. Yule mtaalamu akanitazama, akauliza, "Wewe kazi yako ni nini?"

"Mwalimu," nikasema.

"Mwanafunzi wako akiwa katika mtihani, wewe humshikia kalamu?"

Msomaji, nilitahayari. Katika chuo cha ualimu jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba mwalimu amfanyiaye mtoto hesabu humnyima hesabu. Mtoto akikosea, mwache akosee, mwonyeshe njia, arudie. Kanuni hii niliishika darasani kwa miaka yote, wala sikupata kumwandikia mwanafunzi jibu lake hata mara moja. Lakini nyumbani nilikuwa nimemfanyia Nyanya hesabu zake zote: nilimwinukia, nilimtembelea, nilimbebea, nilimwinamia. Kisha nikashangaa kwamba amesahau.

Yule mtaalamu alitueleza jinsi mambo yalivyo katika mwili. Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole baada ya umri wa miaka 30 hivi, na upungufu huo huongeza mwendo baada ya 60. Hilo ni la uzee, na hakuna anayeweza kulizuia kabisa. Lakini juu ya upungufu wa uzee kuna upungufu mwingine, nao ni wa kukaa. Msuli usiopewa kazi hujifunga kama duka lisilo na wateja. Mfupa usiobeba uzito hupoteza ugumu wake. Hata ule uwezo wa kusimama wima bila ya kuyumba, ambao hutokana na macho, masikio ya ndani, nyayo na ubongo kusaidiana, hufifia usipotumiwa. "Huyu mama," akasema, "ana uzee wa miaka 78, na juu yake ana miaka miwili ya kiti. Uzee hatutauondoa. Tutaondoa kiti."

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma juu ya mambo hayo, kama ilivyo desturi ya walimu kutafuta kitabuni kile walichokosa kukiona kwa macho. Nikakuta kwamba jambo hili limechunguzwa muda mrefu. Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, alitangaza habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Dereva hukaa siku nzima. Kondakta hupanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Watu hao walifanya kazi katika gari moja, lakini makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Morris mwenyewe aliendelea kufanya mazoezi katika uzee wake, akaishi hadi umri wa miaka 99.

Tena nikasoma habari za vijana watano wa Dallas, Marekani. Mwaka 1966, wakiwa na umri wa miaka 20 na afya njema, walikubali kulala kitandani majuma matatu mfululizo ili madaktari wapime yatakayowapata. Mwaka 1996, walipofika umri wa miaka 50, watu wale wale watano walipimwa tena. Ikaonekana kuwa yale majuma matatu ya kitandani yalikuwa yameudhoofisha uwezo wa miili yao kufanya kazi kuliko ilivyoudhoofisha miaka 30 yote iliyofuata. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Ikiwa majuma matatu yanaweza kumfanyia hivyo kijana wa miaka 20, je, miaka miwili itamfanyia nini mwanamke wa miaka 78?

Lakini habari iliyonipa tumaini ilitoka Boston, huko huko Marekani. Mwaka 1990 madaktari waliandika juu ya wazee kumi waliokuwa katika nyumba ya kutunzia wazee, wa umri wa miaka 86 hadi 96. Walifanyizwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa muda wa majuma manane. Tisa waliyamaliza, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zaidi ya maradufu. Wawili waliacha fimbo zao za kutembelea. Walipoacha mazoezi kwa majuma manne tu, karibu theluthi ya nguvu zao ilipotea tena. Habari hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza, hata mtu wa miaka 90 hajachelewa. La pili, nguvu haziwekwi ghalani. Kila msimu zina kilimo chake.

Watu wetu hupenda kusema, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hiyo ni ya kweli katika malezi na tabia. Lakini tusiitumie kuihukumu miguu ya wazee wetu. Mwili wa mzee haujawa samaki mkavu. Ungali hai, na kila kilicho hai husikia kikifundishwa.

Sasa nikueleze tulivyofanya. Mazoezi yenyewe yalikuwa madogo kiasi cha kuchekesha. La kwanza lilikuwa kuinuka kitini bila ya kutumia mikono. Siku ya kwanza Nyanya hakuweza hata mara moja. Yule mtaalamu alikuwa ametuambia tuweke blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi, nasi tukafanya hivyo. Akainuka mara mbili, akatweta. Tukamwacha apumzike. Baada ya majuma matatu alikuwa akiinuka mara tano. Tukaliondoa blanketi, akarudi mara mbili, akaanza upya. Mwezi wa tatu aliinuka mara kumi katika kiti kitupu, akainua mikono juu ili niione kuwa haikushika kitu.

La pili lilikuwa kusimama mbele ya meza ya chakula, vidole vikigusa meza, na kujiinua juu ya ncha za miguu kisha kushuka polepole. La tatu lilikuwa kusimama kwa mguu mmoja, mkono ukiwa tayari mezani, huku tukihesabu. Mwanzoni tulihesabu hadi tatu. Mwanangu mdogo alilipenda zoezi hili, akawa anashindana na nyanya yake kila jioni. Nadhani mashindano yale yalifanya kazi kubwa kuliko maagizo yangu yote. La nne lilikuwa kubeba. Tulimpa ndoo ndogo yenye lita mbili za maji atoke nayo mferejini hadi jikoni, kisha lita tatu, kisha tano. La tano lilikuwa kutembea asubuhi na mapema kabla jua la Voi halijawa kali: kwanza kutoka mlangoni hadi mwarobaini wa kwanza, juma lililofuata hadi mwarobaini wa pili, halafu hadi dukani. Huko dukani alipata marafiki, na siku nyingine alichelewa kurudi kwa sababu ya mazungumzo. Mpweke hana pa kwenda, na asiye na pa kwenda ataitia nguvu miguu yake kwa ajili gani?

Tulimrudishia pia ufagio wake. Nyuma ya nyumba tulimpa kipande cha ardhi, akapanda sukuma wiki na mchicha. Nilimkuta asubuhi moja ameinama anang'oa magugu, jasho linamtoka, nikahisi lile neno langu la zamani linakuja ulimini: "Pumzika, Nyanya." Nililimeza. Nakwambia, msomaji, zoezi lililokuwa gumu kuliko yote nyumbani mwetu lilikuwa langu: kukaa kitako nikitazama mtu nimpendaye akihangaika na jambo ambalo ningeweza kumfanyia kwa nukta moja.

Sitakuficha kwamba kulikuwa na siku mbaya. Palikuwa na juma zima ambalo goti la kushoto lilimvimba, tukarudi hospitali, tukaambiwa tupunguze bila ya kuacha. Palikuwa na siku alizonuna na kusema kuwa ninamtesa. Siku moja ya namna hiyo nilimwuliza, "Basi Nyanya, tuache?" Alikaa kimya, kisha akauliza, "Ule msalaba wa mdogo wangu utawekwa lini?" Nikamwambia kwamba utawekwa mwaka ukitimia. Akahesabu miezi kwa vidole vyake. Halafu akainama mbele, akainuka kitini. Nikajua kuwa hesabu hii ameichukua mwenyewe, na mimi sasa ni msimamizi wa mtihani tu.

Mwaka ukatimia. Tulipanda tena gari hadi mwisho wa barabara. Nyanya alishuka akiwa na mkongojo mkono wa kulia, akaitazama ile njia. Vijana wanne wa mwaka uliopita walikuwa wamekuja kutupokea, na kwa wema wao walikuwa na kiti na miti miwili. Nyanya aliwaamkia mmoja mmoja, akawashukuru, akawaambia, "Wanangu, leo kiti hicho kibebeni kitupu. Nikifika huko nitakikalia."

Akaanza kupanda. Mimi nilikuwa nyuma yake, mikono yangu imefungwa mgongoni isije ikanisaliti. Alipumzika mara nne: mara mbili juu ya mawe, mara moja kwenye shina la mgomba, mara moja amesimama tu ameuegemea mkongojo, anatazama bonde. Mwendo ambao zamani ulimchukua robo saa ulimchukua saa nzima. Hakuwa yule mwanamke wa miaka 76 aliyenitangulia huku akinicheka, wala hatakuwa tena. Miaka haijarudi, na miwili kati yake niliipoteza mimi. Lakini alifika. Waombolezaji walipomwona anaingia uani kwa miguu yake, wanawake walipiga vigelegele, ingawa lilikuwa jambo la kumbukumbu ya maiti. Hakukikalia kile kiti kwanza. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akaweka mkono juu ya msalaba, akasema kwa lugha ya kwetu neno moja tu: amekuja.

Msomaji, huenda nawe una mzee nyumbani, au utakuwa naye. Sikuambii umwache ahangaike bila ya msaada. Wako wazee wagonjwa wanaohitaji kubebwa, na kuwabeba ni wajibu na baraka. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kizunguzungu au mwenye shinikizo la damu lililopanda, aonwe kwanza na daktari kabla ya kuanza mazoezi. Lakini kabla hujamfanyia mzee jambo lolote, jiulize: je, hawezi kulifanya, au mimi sina subira ya kumngoja? Mara nyingi nilipomtendea Nyanya kwa haraka nilidhani namheshimu, kumbe nilikuwa naokoa dakika zangu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na Serikali, lakini katika kifungu hicho hicho inawapa haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na ya kujiendeleza wenyewe. Mzee aliyefungwa kitini ametunzwa, lakini hakushirikishwa wala hakujiendeleza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wa umri wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 kwa juma za shughuli za kiasi, kama vile kutembea kwa mwendo wa kutosha. Watie nguvu misuli angalau siku mbili kwa juma. Na siku tatu wafanye mazoezi ya kuwasaidia kusimama imara ili wasianguke. Dakika 150 zisikutishe. Ukizigawanya kwa siku saba ni dakika 20 na ushei kwa siku. Hazihitaji fedha wala vyombo. Kiti, meza, ndoo na njia vinatosha, na mtu wa kusema nawe mkitembea ni bora kuliko vyote. Haba na haba hujaza kibaba.

Nawe pia jitazame. Wazee wetu walifanyizwa mazoezi na milima, visima na majembe bila ya kuyatafuta. Sisi tumezaliwa katika zama za pikipiki na viti, na wengi wetu tutauingia uzee tukiwa tumekaa muda mrefu kuliko wao. Wahenga walisema kwamba mtembezi hula miguu yake. Mimi naongeza kwamba mkaaji huliwa na kiti chake, tena upesi zaidi.

Nyanya hakurudi Voi baada ya siku ile. Aliniomba nimwache mlimani karibu na watoto wa mdogo wake, nami sikubishana naye. Analima matuta mawili tu sasa, na maji anateka ndoo ndogo. Ninapokwenda kumwona huja hadi kwenye ukingo wa kilima kunipokea. Kile kiti cha heshima kingali nyumbani kwangu. Mimi ndiye ninayekikalia jioni nikisahihisha madaftari, na kila baada ya daftari kumi huinuka mara kumi bila ya kushika mikono yake. Mwanangu hunihesabia.